Sungura Watatu wa Bi Asiya

Madamu Scholastique wa ofisi ya viwango aliingia uani kwa Fadhila, mtaa wa Buyenzi, saa tatu asubuhi, akakanyaga sabuni. Hakuwa na kosa. Vipande vilipangwa juu ya turubai kuanzia mlangoni hadi ukutani, vikikauka, na mtu wa viatu vya ofisini hana mazoea ya kutazama chini. Alikiokota kipande kile, akakinusa, akakigeuza upande wa pili. Kisha akafungua daftari bila kusalimia, na hapo majirani wakaanza kujitokeza mmoja mmoja, wengine na bakuli mkononi, kama watu waliokuja kuomba chumvi.

"Ni we Fadhila?"

"Ni mi, madamu. Karibu. Kiti iko hapa."

"Nitasimama. Hii sabuni watu wanaogea, si ndiyo? Wanaogesha na watoto. Nani alipima kama haiumize ngozi ya mutu?"

"Mi mwenyewe, madamu. Na ulimi."

"Na nini?"

"Na ulimi wangu. Nikiwa napika, nachota kidogo mu sufuria, naipoza, naigusisha ulimi. Kama inauma, ile soda kali ya sabuni iko mingi, naongeza mawese. Kama haiume, namwaga mu kalibu. Miaka kumi na tisa sasa, hakuna mutu aliungua."

Scholastique aliandika neno ulimi, akalipigia mstari. Akauliza tena, kwa sauti ya kuhakikisha, kama ni ulimi huu wa kinywani au ni jina la mashine. Kicheko kikatoka upande wa ukuta. Fadhila naye akacheka, maana mtu akichekwa uani kwake, mbele ya mumewe na mama mkwe wake, hana pengine pa kuuweka uso wake. Lakini moyoni ilimchoma. Ulimi ule ndio uliolipa karo ya binti yake Houda, na tangu mafuta ya gari yaadimike mjini ndio ulioilisha nyumba nzima, kwa sababu Twahiru, mumewe, ni fundi wa magari, na gari lisilotembea haliharibiki.

Tusimwonee madamu. Amri aliyoileta haikutoka hewani. Mwaka uliopita wasichana kadhaa waliungua nyuso kwa krimu za kujichubua zilizopikwa vyumbani na watu wasiojulikana, na mmoja wao alikuwa binti wa mdogo wake Scholastique mwenyewe, wa kule Gihosha, ambaye hadi leo hatoki nje bila kujifunika kitambaa. Serikali ikaamua kwamba kila kitu kinachopakwa kwenye mwili wa mtu kipimwe kwanza. Scholastique alikuwa akitembea mtaa kwa mtaa na karatasi zake kwa sababu aliamini zina faida, na kwa hilo alikuwa na haki.

"Siku makumi tatu," alisema, akimkabidhi Fadhila karatasi tatu zilizobanwa pamoja. "Bila papier ya laboratoire, karatasi ya maabara, tutafunga."

*

Jioni Houda, mwenye miaka kumi na tano, aliwasomea ile amri, akitafsiri Kifaransa polepole kwa kidole. Twahiru alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Bi Asiya, mama yake Twahiru, alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, akichambua majani ya viazi vitamu kwa ajili ya sungura wake.

"Inasema sabuni ipimwe ju ya sungura watatu," alisoma Houda. "Weupe. Wakubwa, wazima, hawajawahi kupimiwa kitu kingine. Wanawanyoa mugongo, wanawapaka. Na mu jicho moja wanawatia tone."

"Mu jicho?" aliuliza Bi Asiya.

"Mu jicho, Nyanya. Mwenye sabuni analeta sungura ye mwenyewe, ao analipa laboratoire iwanunue." Akataja bei. Twahiru akatoa mlio mdogo wa meno. "Halafu sungura wapewe maji kila saa, na majani mapya. Wasipigiwe kelele. Kila mumoja akuwe na nafasi ya kugeuka."

"Niandikishe na mi," alisema Twahiru. "Mi pia nataka maji kila saa na nafasi ya kugeuka."

Wakacheka, hata Fadhila. Houda akaendelea: sabuni iwe haijazidi siku saba tangu kupikwa, na maabara itawapokea wapishi wadogo kuanzia wiki ya pili ya Ramadhani. Hapo Fadhila aliacha kucheka. Kila mwaka alipika sabuni ya akiba mwezi wa Shaabani, ikauzwa Ramadhani nzima, na sufuria likapumzika. Hakupika mchana wa saumu kwa sababu hakuweza kuonja. Na usiku hapikiki. Umeme unakatika, na soda kali si kitu cha kuchezea gizani.

"Utaonja, uteme," Twahiru alimwambia. "Mupishi wa chakula anaruhusiwa."

"Sabuni ni chakula? Nikimeza mate yake?"

"Uulize shekhe."

"Nitauliza nini? Nimuambie shekhe minalamba sabuni?"

Kuhusu sungura, wote walikuwa wakiwaza jambo moja. Kibandani, pembeni ya ua, walikuwamo sungura watatu, weupe, wakubwa, wazima. Bi Asiya aliwalea tangu wakiwa wadogo wa kutosha kulala kwenye kiganja, akawaita watoto, na kila aliyetaja mchuzi wao mbele yake alipewa mgongo wiki nzima. Aliendelea kuchambua majani hadi yakaisha. Kisha akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Muwachukue," alisema. "Si watarudi?"

Fadhila alimtazama Houda, na Houda akatazama karatasi. Ukurasa wa mwisho, kifungu cha kumi na moja, kilisema mnyama aliyetumika hatoki maabara, hauzwi, haliwi. Anamalizwa hapo hapo, bila maumivu. Houda alifungua mdomo, na usoni mwake Fadhila akaona kwamba hawatarudi.

"Watarudi, Mama," Fadhila alisema upesi. "Wiki moja tu."

*

Ramadhani ilipoingia, nyumba ilishika utaratibu wake. Wote walifunga isipokuwa Bi Asiya. Mwaka wa juzi, akiwa na ugonjwa wa sukari, alianguka saumu ya sita, akalazwa siku nne, na daktari akamwambia Twahiru kwamba akimwacha mama yake afunge tena basi atafute na sanda. Tangu siku hiyo Twahiru alimtolea fidia, gunia la mchele kwa masikini, na kila adhuhuri Fadhila alipika uji wa ulezi, mzito, bila sukari, akampelekea. Bi Asiya alisema anaona haya kula mbele ya watu waliofunga. Akalichukua bakuli na kigoda chake, akaenda kukaa nyuma, kwenye kibanda cha sungura, na baada ya muda bakuli lilirudi likiwa tupu. Fadhila aliliosha na kumshukuru Mungu kwamba walau jambo hilo halina ubishi.

Siku ya tisa akapika. Soda ya yule Mwarabu aliyemzoea ilikuwa imekwisha dukani, akalazimika kununua ya mfanyabiashara mwingine, yenye mapande makubwa na rangi ya maziwa zaidi. Mawese yalitoka Rumonge kama kawaida. Alitaka sabuni hii iwe nzuri kuliko zote alizowahi kupika, maana itaingia ofisini kwa niaba yake. Akaongeza mafuta ya mawese meupe, akachuja mara mbili, akakoroga hadi mabega yakamuwaka. Adhuhuri sabuni ilikuwa imeshikana, ikipwita taratibu. Ndio wakati wa ulimi.

Alichota kidogo kwa ncha ya mwiko, akaipoza, akaitazama. Mate yalikuwa yamemkauka. Mawazo ya kuonja na kutema yalimjia, akayafukuza kwa astaghfirullahi.

Bi Asiya alikuwa akirudi na bakuli lake tupu.

"Mama," Fadhila alimwita, na raha ya mtu aliyeokota jibu ilimjaa. "We hufunge. Njoo unionjee."

Bi Asiya akasimama.

"Mi? Ulimi yangu ni ya muzee."

"Kidogo tu. Kama inauma utasikia. Inakuwa sawa na kugusa betri."

Bi kizee aliupokea mwiko. Aligeuka upande wa ukuta, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kidogo, kisha akapangusa midomo kwa upindo wa kanga.

"Haiume," alisema.

"Kweli, Mama?"

"Haiume. Mikono yako ninaijua."

Fadhila akamwaga sabuni kwenye kalibu. Ikishamwagwa imemwagwa, hata akionja baada ya futari, hawezi tena kuongeza tone la mawese. Basi hakuonja. Siku iliyofuata aliikata vipande vyenye kingo zilizonyooka, akamwahidi jirani yake Joëlla, aliyekuwa amejifungua wiki ile, kwamba viwili vya kwanza vitakuwa vya mtoto mara tu papier itakapotoka.

*

Maabara ilikuwa juu, Gihosha. Kwa kuwa hakukuwa na mafuta hakukuwa na usafiri, na kwa kuwa hakukuwa na usafiri, Twahiru na Fadhila walipanda kilima kwa miguu, yeye na kikapu cha sungura kichwani, mkewe na sabuni zilizofungwa kwenye gazeti. Walikuwa wamefunga. Bi Asiya alikuwa ameweka majani kikapuni na kipande cha kanga yake ya zamani, ili watoto wasisikie ugeni.

Aliyewapokea ni Valéry, kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililopauka. Alikuwa na adabu. Alizungumza na sungura kwanza, akawapima uzito, akawasifu kwa unene wao. Kisha akampa Fadhila fomu, akamwonyesha pa kutia sahihi chini ya kifungu cha kumi na moja.

"Umeelewa hapa, mama? Hawarudi."

"Nimeelewa."

"Unasema sabuni ulipima na nini mbele ya kuleta?" Fomu ilikuwa na mstari wa jibu hilo.

"Ilionjwa," alisema Fadhila. "Na mutu wa nyumbani."

Valéry alitabasamu kwa upole, akaacha mstari ule wazi. "Ulimi hauna numéro, mama. Nitaandika hakuna."

Twahiru aliuliza kama wanaweza kubaki na kikapu. Walirudishiwa kikapu, lakini kanga ilikuwa imebanwa chini ya sungura mmoja, na Fadhila hakupata moyo wa kuivuta. Walishuka. Karibu na njia ya Mutanga Nord Twahiru aliketi ukingoni mwa mtaro, kichwa kikimzunguka kwa kiu.

"Utamuambia lini?" aliuliza.

"Papier ikitoka. Nitakuwa na kitu cha kumupa mu mukono mwingine."

Nyumbani Bi Asiya alifagia kibanda. Alikifagia kesho yake, na kesho kutwa. Alitandika majani mapya na kuyatoa yaliponyauka, na kila adhuhuri aliendelea kwenda kukaa pale na bakuli la uji, ingawa hapakuwa na kitu. Siku hizo bakuli lilirudi likiwa limeoshwa kabisa, na mtaro wa nyuma ulikuwa na ukoko wa ulezi, lakini nani ana muda wa kutazama mtaro?

*

Waliitwa siku ya nane baada ya kupeleka sungura. Fadhila alikwenda peke yake. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, na ndani ya mkoba ameweka kitambaa cha plastiki cha kufunikia papier isilowe kama mvua ingenyesha.

Madamu Scholastique alikuwapo, ameketi mezani. Alimsukumia karatasi yenye mhuri mwekundu.

"Imekataliwa, mama. Sabuni inaunguza."

Fadhila hakuelewa mara moja. Aliisoma ile rangi nyekundu, akamtazama Scholastique, akacheka kidogo kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake.

"Si yangu hii."

"Ni yako. Jina ni yako."

"Basi mulichanganya! Muko na sabuni za watu wangapi humu? Mulitia dawa ingine! Sabuni yangu haijaunguza hata mutoto wa siku saba! Munatafuta nini, munataka kitu? Museme munataka kitu, nirudi nyumbani niuze nguo!"

Watu waliokuwa kwenye benchi, wapishi wenzake wa mafuta ya nywele na krimu, wakatazama miguu yao. Scholastique aliinuka. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, lakini alimwona mwanamke aliyekauka midomo kwa saumu, akakumbuka kitambaa cha binti wa mdogo wake, na hakujua hasira yake aielekeze wapi.

"Valéry," aliita. "Mupeleke aone."

Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya spiriti na majani. Sungura watatu walikuwa kila mmoja na tundu lake, maji yakiwa yamejaa, nafasi ya kugeuka ikitosha. Hawakugeuka. Migongo yao ilinyolewa mraba, na ndani ya mraba ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka pasuka. Kila mmoja jicho lake la kulia lilikuwa limefungwa kwa ute mweupe. Mmoja wao alikuwa amelalia kipande cha kanga.

Fadhila aliinama mbele ya tundu hilo.

"Nilianza na huyu," Valéry alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kwa sababu amri ilikataza kelele. "Saa moja tu niliona. Nilijua tayari, mama, sikukuwa na haja ya wengine. Lakini fomu iko na mistari tatu. Nikiacha mbili wazi, wanairudisha."

"Ukawafanya wote."

"Nikawafanya wote."

Walisimama pale, wote wawili, mbele ya kazi yao.

"Kama si hawa," Valéry alisema baadaye, "ingekuwa mutoto wa mutu."

Fadhila alimfikiria mtoto wa Joëlla, ngozi yake bado ina mikunjo ya tumboni.

"Na nilitaka kukuuliza," aliendelea Valéry, kwa namna ya mtu anayetafuta jambo jepesi la kusema. "Nyumbani munawalisha nini? Siku mbili za kwanza walikataa majani. Zamu, ule mulinzi wa usiku, alipita hapa na uji wake, wote watatu wakasimama na miguu ya nyuma. Nikawapa kidogo, wakamaliza. Sijaona sungura wanapenda uji namna hii."

"Uji?" alisema Fadhila.

"Uji. Wa mutu."

*

Kutoka Gihosha hadi Buyenzi ni mwendo wa kutosha kuhesabu. Uji katika nyumba ile ulipikwa mara moja kwa siku, kwa mtu mmoja. Mtu huyo alikula peke yake, nyuma, kwenye kibanda, kwa sababu ya haya. Bakuli lilirudi tupu. Kila hatua ya kushuka ilimsogezea Fadhila jambo asilotaka kulifikia, na alipofika mlangoni kwake alikuwa ameshalifikia.

Alisubiri adhana ya magharibi. Alikula tende, akanywa maji, akaswali. Twahiru alikuwa ameisoma karatasi yenye mhuri na kuirudisha mkobani, maana alijua maji yakimwagika hayazoleki. Walipokaa wote mkekani, Fadhila aliinuka, akaleta kipande cha ile sabuni, akakimega kwa kucha, akauweka mmego juu ya ulimi.

Ulimuuma kama pasi. Hakutema. Alitaka kujua unauma kiasi gani, akaushikilia hadi machozi yakamtoka, hadi Houda akapiga kelele, na ndipo akatema kwenye kiganja, mate yakiwa na damu.

"Mama," alisema, na neno lilitoka limekatika. "Siku ile ulionja?"

Bi Asiya hakumtazama. Aliangalia mikono yake.

"Sikuonja."

"Mama!" Twahiru alisema.

"Sikuonja. Nilikuwa nimefunga." Aliinua kichwa sasa, na usoni mwake hofu na ukaidi vilikuwa vimechanganyika. "Nimefunga tangu siku ya kwanza. Uji nilikuwa ninawapa watoto."

"Unataka kufa?" Twahiru alikuwa amesimama. "Mutoto wako nikatoe fidia kila mwaka, daktari akaseme, wewe unataka kunifanya mi nikuue?"

"Fidia!" Bi Asiya alisema. "Ramadhani ilipita munanifungia na muchele. Ingine munanifungia na muchele. Mi iko nabakiza ngapi? Nitaenda mbele ya Mungu na gunia?" Kisha sauti ikamshuka. "Fadhila, mwanangu. Nilisema haiume kwa sababu ya wewe haijaumaka. Miaka yote. Nilisema, hii kitu kidogo haitaharibu kitu. Nikaigusisha kanga."

Fadhila alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kumwambia kuhusu mhuri mwekundu, kuhusu watu wa benchi waliotazama miguu yao, kuhusu mwaka mzima ambao karatasi imesema haruhusiwi hata kuomba tena. Lakini ulimi ulikuwa umevimba, na jambo moja lilimzuia kuliko yote hayo: hata yeye alikuwa amesema uongo mkekani pale pale, wiki chache nyuma, tena bila saumu ya kujitetea.

"Na watoto, wako wazima?" aliuliza Bi Asiya. "Sabuni haikuwaumiza?"

"Ulale, Mama," alisema Twahiru. "Kesho."

*

Asubuhi Scholastique alikuja na watu wawili. Safari hii alisalimia, akatazama chini kabla ya kukanyaga. Sufuria kubwa lilipitishiwa waya na kutiwa mhuri wa risasi, kalibu zikafungwa kwa utepe, na zile sabuni za siku ya tisa zikatiwa kwenye gunia na kuondolewa. Joëlla alisimama mlangoni kwake na mtoto begani, akiangalia. Majirani hawakucheka, na Fadhila aliona kwamba afadhali wangecheka.

Wakati anatia sahihi, Scholastique alisogea karibu.

"Mwaka si mingi," alisema. "Urudi. Mi mwenyewe nitapokea dossier ya maombi yako."

"Na sungura wengine watatu."

"Na sungura watatu, ndiyo." Scholastique alifunga daftari. "Hawa wamemalizwa jana jioni. Valéry aliomba nikuambie, hawakusikia kitu."

Baada ya wao kuondoka, Twahiru alikwenda gereji kukaa na magari yake yasiyotembea. Houda alikuwa shuleni. Fadhila aliwasha jiko dogo, akakoroga ulezi, akapika uji. Hakuweza kuuonja, ulimi ulikuwa kidonda kimoja, na hata usingekuwa, alikuwa amefunga. Aliumimina bakulini, akaubeba. Bi Asiya alikuwa ameshatoa kigoda chake na kukielekeza kwenye kibanda.

"Hapa, Mama," alisema Fadhila. Aliweka kigoda katikati ya ua, palipokuwa na turubai la sabuni, mahali ambapo kila anayepita mlangoni angeona. "Leo utakula hapa."

Bi Asiya aliketi. Haya ilimfunika uso, akavuta kanga, lakini alichukua kijiko. Kijiko cha kwanza kilikaa mdomoni muda mrefu kabla ya kumezwa. Kwa kijiko cha pili machozi yalimtoka, akaendelea kula nayo. Fadhila alisimama mbele yake, akiangalia koo lake likipanda na kushuka, kama vile anavyoangaliwa mtoto anayeficha dawa shavuni.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

Fadhila hakujua kama amwamini. Ndiyo maana hakuondoka.

Uji ulipofika nusu, Bi Asiya alisita, akainuka polepole, bakuli mkononi, akapiga hatua mbili kuelekea kibandani.

"Hii itabaki," alisema. "Leo ao kesho wakirudi, watakuwa na njaa."

"Kula yote, Mama," Fadhila alisema. "Hawarudi."

Bi kizee alisimama akiwa amempa mgongo. Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, akatoa salamu, na hakuna aliyeipokea.

"Ulijua lini?"

"Siku Houda alikuwa anasoma."

Bi Asiya aligeuka, akamtazama mkaza mwanawe. Alirudi kwenye kigoda, akaketi, akaweka bakuli mapajani, akala mpaka mwisho.